Nyeusi Chini

"Mzee, nyeupe iko chini au iko juu?"

Aliyeuliza ni kijana aliyekaa kwenye kompyuta mbele ya ukumbi, mkono juu ya kipanya, shingo ameigeuza kumtazama baba. Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa umegeuka ubao wa chesi. Projekta ilikuwa imetupa pale miraba mikubwa kama madirisha, mitupu, inasubiri kujazwa. Watu kama arobaini hivi. Feni moja inazunguka, nyingine imegoma. Baba alisimama kando ya karatasi ya manila niliyoichora mimi, amevaa shati lake la mikono mirefu, kifungo cha juu amekifunga mpaka koo linambana.

Mimi nilikuwa mstari wa nne, pembeni, nimejibanza ukutani, pale ninapokaa kila ninapoenda. Jibu la swali lile nilikuwa nalijua. Na kilichokuwa kinakuja baada ya jibu nilikijua pia, tangu Alhamisi.

Ningesema "Baba, subiri." Maneno mawili tu.

Baba alikuwa karani wa ghala kwenye kiwanda cha rangi. Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kujua kila kopo liko wapi, na alikuwa anajua kwa kichwa. Ukimwuliza kijani ya mlango, lita nne, hafungui daftari. Anakwambia rafu ya saba, chini, nyuma ya zile zilizobonyea. Halafu kiwanda kikaleta kompyuta, na kompyuta nazo zikajua kopo liko wapi, tena hazili mchana wala haziugui mafua. Unga wake ukamwagika. Siku ya kumuaga walimpa zawadi, na zawadi yenyewe ikawa kompyuta, ile ya kwanza kabisa waliyofanyia majaribio, iliyokuwa inazima ovyo. Mama alipoiona inashushwa kwenye mkokoteni alicheka mpaka akakaa kizingitini.

"Wamekufukuza kwa ajili yake," alisema, "halafu wamekuoza yeye yeye."

Baba naye alicheka, kidogo. Akaiweka kwenye kona ya sebule, karibu na cherehani ya mama, kwa sababu soketi nzima ilikuwa hiyo moja na waya ulikuwa mfupi. Skrini ikabaki inatazama ukuta. Anayetaka kuitumia ilibidi ajipenyeze kati ya ukuta na meza, na pale alikuwa anapenya mtu mmoja tu nyumbani kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mwembamba kama uzi, na nilipenda mahali ambapo hakuna anayeniona.

Siku hiyo ya mwisho ghalani, wakati wa mapumziko ya mchana, baba alikuwa amecheza chesi na mlinzi wa kiwanda. Walikuwa wakicheza kila siku ya kazi, kwenye boksi la makopo lililopinduliwa. Mlinzi tulimwita Mzee Geti. Alikuwa hakubali kucheza nyeusi hata umfanyeje. "Mimi ndiye ninayefungua geti," alikuwa anasema, "kwa hiyo mimi ndiye ninayefungua mchezo." Basi baba alicheza nyeusi miaka yote, na mchezo wa mwisho haukwisha. King'ora kililia Mzee Geti akiwa na ngome mbili na farasi, baba akiwa na ngome moja na askari wawili, na kila aliyepita alikuwa ameshampa pole. Baba akageuza fomu ya kupokelea mizigo, akachora kila kitu kilipo nyuma yake, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akarudisha funguo, akatoka.

Aliifikiria ile picha wiki tatu. Mama alikuwa akimpa chai inapoa, anampa nyingine. Halafu asubuhi moja akiwa anajipaka sabuni ya kunyolea ndevu alitoka bafuni na povu lake usoni, akaketi mbele ya ubao, akasogeza kitu kimoja, akasema taratibu, "Nyeusi anashinda."

Hakuniambia amesogeza nini. Hakumwambia mtu.

Hapo ndipo mitihani ilipoanza. Baba alikuwa na daftari gumu la ghalani, lenye mistari myekundu. Ndani yake alikuwa amekusanya michezo ishirini na mitatu migumu kupindukia, aliyoikata kwenye magazeti ya zamani au kunakili kwa watu, ile ambayo ukiitazama unaona mfalme ameshakufa kumbe kuna mlango mahali. Ya ishirini na nne akachora ya kwake. Sasa tukawa tunatafuta programu za chesi. Nyingine nilikuwa napewa na wanafunzi wenzangu kwenye flashi, nyingine baba alikuwa anaziomba kwa fundi wa simu. Kila programu mpya ilikuwa inafanyishwa mtihani, maswali ishirini na manne, dakika tano kila swali, kwa saa ya jikoni ya mama.

Mimi nilikuwa nyuma ya skrini, napanga vipande. Baba alikaa upande wa pili wa meza na ubao wake wa mbao na daftari la matokeo. Skrini ilikuwa inamtoa machozi, hakuwa anaitazama. Hata hivyo alisema mtahini haendi kuchungulia karatasi ya mwanafunzi.

"Swali la tano. Anasogeza nini?"

"Askofu."

"Muulize tena, ana uhakika?"

"Ameng'ang'ania askofu, Baba."

"Basi amepata. Mpe pole, alikuwa anatokwa jasho."

Nilikuwa nacheka. Shuleni nilikuwa naitwa Bubu. Mwalimu akiniuliza kitu naona midomo inakuwa ya mtu mwingine. Lakini nyuma ya ile skrini nilikuwa naongea kama redio, kwa sababu sikuwa naongea mimi, nilikuwa naisemea mashine.

Programu zote baba alizipa majina. Ya kwanza iliitwa Kobe, ilipata tisa. Ikaja Mropokaji, iliyokuwa inajibu kabla sijatoa kidole. Ikaja Bibi Harusi, ukiiwasha inakaa ndani weee mpaka unasahau kama umealika mtu. Baba aliandikia kila moja ripoti kama ya shule: *Ana bidii ila ana haraka. Anadharau askari. Azungumze na mzazi.* Miaka ilivyokwenda alama zikapanda. Kumi na nne, kumi na nane. Ya mwisho kabisa, tuliyoiita Daktari, ilipata ishirini na tatu, yote isipokuwa ile ya kwake.

Ile ya kwake hakuna aliyeipata. Hata mmoja, miaka minne.

Nakumbuka mara ya kwanza, na Kobe. Baba alinipa ile fomu ya mizigo yenyewe, mikunjo imeshaanza kuchanika. "Hii panga taratibu," alisema. "Hii siyo ya gazeti." Nikapanga mraba kwa mraba, kama ilivyochorwa, juu juu, chini chini, ulimi nimeutoa nje. Tukangoja dakika tano.

"Anasogeza nini?"

"Ngome."

Nilichungulia juu ya skrini nikaona baba amefumba macho. Akacheka. Tangu atoke ghalani sikuwa nimesikia kicheko chake kikitoka tumboni, na siku ile kilitoka kirefu, mama akasimamisha cherehani kutazama kuna nini. "Amefeli," baba alisema. "Mama watoto, umesikia? Mashine imefeli." Akaniambia niihifadhi vizuri, isije ikapotea, na mtu asiiguse tena. Nikaihifadhi. Nikaipa jina la namba tu, ishirini na nne. Tangu siku hiyo kila programu mpya ilipokuja sikupanga upya. Nilikuwa nafungua ile ile.

Ngome. Farasi. Ngome tena. Amefeli, amefeli, amefeli.

Sijui kama nimeeleza vizuri ilikuwa na maana gani. Baba hakupata kazi nyingine. Alijaribu, kila mahali wakamwambia wana kompyuta. Mama alishona sketi za shule, tukala hiyo. Watu wakaacha kumwuliza baba anafanya nini siku hizi, wakawa wanamwuliza mama. Lakini Mzee Geti alikuwa anakuja siku za mapumziko yake, anaketi, anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Enhe, ile dude yenu imeshaipata?" Na baba anajibu bila kuinua kichwa, "Bado, inasoma." Kinyozi naye alijua habari hiyo. Fundi wa simu alikuwa anawaambia wateja. Baba akawa na kitu cha kutembea nacho barabarani.

Mhandisi alikuja kupunguza suruali. Hilo ndilo jina tulilompa, alikuwa anafundisha chuo cha ufundi, kijana bado, mpole, suruali zote ndefu kuliko yeye. Mama akiwa anampima, akaona ubao mezani, akaona daftari. Akalifungua. Akasahau amesimama na pini miguuni.

Wanafunzi wake walikuwa wanaandika programu yao ya chesi, alisema, na shida yao kubwa haikuwa programu, ilikuwa ni mitihani. Hawakuwa na mtu wa kutafuta michezo migumu, kuipanga na kuandika programu imekosea wapi. Baba alikuwa amekaa, mikono magotini. Mhandisi akasema kuna chumba pale chuoni. Kidogo, kina meza na dirisha. Kama baba angekubali, angemwombea kwa mkuu wa idara, lakini lazima mkuu aone kitu. Waliandaa siku ya kuonyesha programu ukumbini, Jumamosi ya wiki ya pili. Aje na ile ya ishirini na nne. Ikiishinda programu mbele ya watu, nani atauliza mzee huyu anajua nini?

Baba alikwenda kukiona chumba. Aliporudi hakuongelea meza wala dirisha.

"Kina funguo," alimwambia mama. "Kufuli la maana, siyo haya ya kufungua kwa kijiko. Amesema ufunguo utakaa na mimi."

Mama hakumtania. Aliinama akakata uzi kwa meno, ingawa mkasi ulikuwa mkononi.

Ikafika ile Alhamisi. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni nachora mchezo kwenye manila kwa kalamu nene, ili watu wa nyuma ukumbini waone. Nilinakili kutoka ile fomu. Baba alikuwa mezani anafanya mazoezi ya maelezo yake, na kwa mara ya kwanza alinifunulia jibu.

"Njoo uone, mwanangu. Keshokutwa kila mtu atajua, wewe ujue kwanza."

Nikasimama upande wangu wa meza, yeye upande wake. Akagusa mfalme mweusi, akamrudisha nyuma mraba mmoja. Basi. Alimrudisha tu, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. "Unaona? Hakimbii. Anampa nafasi. Sasa nyeupe ana ngome mbili na farasi, ana kila kitu, hana pa kukanyaga. Akigusa hiki, hiki kinaanguka. Akigusa kile, askari wangu anapita." Na akamshika askari mweusi akamsukuma. Hatua moja, hatua ya pili. "Malkia."

Alimsukuma kuja kwangu.

Nilitazama ule mkono. Askari wa nyeusi alikuwa anatoka kwake, anakuja upande wangu. Ndiyo, kwani angeenda wapi, baba alikuwa amekaa upande wa nyeusi. Alikaa upande wa nyeusi miaka yote. Fomu ya mizigo aliichora akiwa amekaa upande wa nyeusi, nyeusi chini, kama macho yake yalivyoona. Na ile ishirini na mitatu mingine, ya magazeti, yote nyeupe iko chini. Mimi mtoto wa miaka kumi na moja nilijua chesi inachorwa hivyo, nyeupe chini. Nikapanga hivyo.

Askari hawarudi nyuma. Kila kipande kingine ukikigeuzia ubao hakijali, lakini askari ana upande mmoja tu wa kwenda. Yule aliyebakiza hatua mbili awe malkia, mimi nilimweka kwenye mashine kama mtu aliyetoka kwao hatua moja, na safari nzima iko mbele yake.

"Umeona?" baba aliuliza.

"Nimeona."

"Nzuri?"

"Nzuri sana, Baba."

Alikwenda kunyoa. Nikajipenyeza nyuma ya skrini. Nikapanga upya, nyeusi kwake, nyeupe kwake, nikaiwasha Daktari. Sikumaliza hata kuegemea kiti. Mfalme, mraba mmoja nyuma. Sekunde mbili.

Nikasema labda ni kwa sababu ni Daktari. Nikamfungua Bibi Harusi. Nikamfungua Mropokaji. Mwishoni nikamtafuta Kobe, ambaye tulikuwa hatujamgusa miaka mitatu, aliyepata tisa kati ya ishirini na nne, ambaye baba alimwandikia *arudie darasa*. Nilitazama saa ya jikoni. Kobe alifikiri sekunde kumi na moja. Akamshika mfalme, akamrudisha nyuma.

Jibu la baba lilikuwa sahihi. Lilikuwa sahihi kabisa, ndiyo maana hata Kobe aliliona. Hakuna mashine iliyowahi kushindwa na baba. Zilikuwa zinajibu swali langu, na swali langu halikuwa na kitu ndani.

Nilifuta yote, nikairudisha ile ya zamani mahali pake. Sijui kwa nini. Kama vile mtu aliyevunja sahani halafu anaikalisha vizuri rafuni.

Ijumaa nilijaribu. Nasema nilijaribu kwa sababu nilisimama mlangoni mwa chumba chao mara tatu. Mama alikuwa anapiga pasi lile shati, baba yuko na fulana anapolishi viatu, anasemea ukuta maelezo yake, "Waheshimiwa, mchezo huu una historia fupi." Nikaingia.

"Baba."

"Eeh, mwanangu."

Aliinua uso. Kinyozi alikuwa amemtengeneza, alionekana kama picha yake ya kitambulisho cha kiwandani.

"Kola imejikunja," nilisema.

"Naiona," mama alisema. "Ndiyo maana nimeshika pasi. Hebu kalale."

Nikafikiria njia nyingine, na hii naiona aibu zaidi. Manila ilikuwa kwangu. Nilichukua penseli nikaandika pembeni, kwa herufi za wastani: *nyeupe chini*. Maneno mawili tu na yule kijana wa ukumbini angepanga kama nilivyopanga mimi, na mashine yao ingeshika ngome, na baba angecheka. Niliyaangalia muda mrefu. Halafu nikawaza baba amesimama mbele ya ukuta ule mkubwa, anaona vipande vyake vimepinduliwa mbele ya mkuu wa idara. Nikayafuta. Manila haifutiki vizuri. Palibaki doa la kijivu, na Jumamosi ukumbini, kutoka mstari wa nne, nilikuwa naliona.

"Mzee, nyeupe iko chini au iko juu?"

"Juu," baba alisema. "Nyeusi chini. Mimi nilikaa na nyeusi, kijana wangu. Mwenzangu alikuwa mlinzi wa geti, alikuwa hakubali."

Watu wakacheka vizuri, kicheko cha kumpenda. Mzee Geti, aliyekuwa mstari wa mbele na sare yake ya kazi, akainuka nusu kuwapungia. Kijana akabofya, ubao ukutani ukajigeuza mara moja, kama mtu anayejigeuza kitandani. Vipande vikaingia kimoja kimoja. Mashine yao ilikuwa imeshajibu minne ya magazeti bila taabu. Mhandisi akamwambia mkuu wa idara, kwa sauti ya ukumbi mzima, kwamba hii sasa ndiyo yenyewe, hii imeshinda kila programu iliyowekewa kwa miaka minne.

"Tunaipa dakika ngapi, mzee?"

"Tano," baba alisema. "Au kumi. Tusiionee."

Wakacheka tena. Kijana akabofya.

Mfalme mweusi ukutani, mkubwa kama mtoto wa miaka mitatu, akarudi nyuma mraba mmoja.

Walipiga makofi. Nataka niwe mkweli, walipiga makofi kwa nia njema, ile ilikuwa programu yao, walikuwa wameiandika kwa mwaka mzima na hapo ilikuwa imeua simba. Baba naye alianza kupiga makofi, mara mbili, akaacha. Alikuwa anatazama ukuta kama mtu anayesoma jina lake mahali ambapo halikutakiwa kuwa.

"Imeamka vizuri leo," alisema.

Nyuma yangu mvulana mmoja alikuwa ametoa simu, anapangapanga na kidole. "Hata hii ya kwangu imetoa," aliwaambia wenzake, si kwa ubaya. "Mfalme nyuma. Sekunde moja." Sauti ilikwenda mpaka mbele. Mkuu wa idara akamwinamia Mhandisi sikioni. Mzee Geti alikuwa amekaa, kofia magotini.

Baba akanitafuta. Alijua nitakuwa pembeni, ukutani, akaenda moja kwa moja mpaka akanipata.

"Mwanangu," aliuliza, na ukumbi mzima ukageuka kuona anaongea na nani. "Kule nyumbani uliipanga hivi?"

Macho arobaini, themanini. Nilifungua mdomo. Nilihisi ulimi umekaa mle ndani kama kitu nilichoazimwa. Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilitaka kusema najua tangu juzi, Baba, nisamehe, shuka hapo twende nyumbani. Haikutoka hata pumzi.

Sijui aliona nini usoni kwangu. Baba aliwahi kuwa mtu wa kutazama rafu mara moja akajua kilichopungua. Alinitazama hivyo, mara moja, halafu akaigeukia ile manila, akaweka kidole penye lile doa la kijivu, akalipapasa, akautoa mkono.

"Samahanini," aliwaambia watu. "Makosa ni ya kwangu. Nilichora vibaya tangu mwanzo. Mtoto alipanga kama nilivyochora."

Akakunja manila mara nne. Mhandisi alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia tutawasiliana, mzee, tutawasiliana tu. Suruali yake ya pili ilikuwa bado kwetu. Alituma mtu kuichukua.

Njiani tulitembea watatu, Mzee Geti katikati. Alijaribu. "Lakini mimi ulinipiga," alisema. "Ile siku ulikuwa umenipiga, kumbe." Baba akasema ndiyo, ulikuwa umekwisha. Tulipofika njia panda Mzee Geti alikwenda zamu yake, na sisi wawili tukaendelea. Nilihesabu nguzo za umeme. Nikasema nikifika ya kumi nitasema. Zilikuwa kumi na saba mpaka kwetu.

Mama alituona mlangoni, akatazama uso wa baba, akaenda kuweka maji ya chai.

Huu ni mwaka wa pili. Kompyuta imefunikwa kitambaa cha maua, mama anawekea juu yake sketi zilizokwisha. Hakuna aliyesema tuiache, ila hakuna aliyeiwasha. Mzee Geti anakuja bado, wanacheza, hawaulizani kitu. Baba siku hizi anamsaidia mama. Amempangia vifungo vyote kwa rangi na matundu, kwenye makopo ya rangi aliyoyaosha. Ukisema mama anataka cha kahawia, matundu manne, baba anakwambia rafu ya pili, kopo la tatu, na hageuki kutazama. Mchana kutwa anaweza kupata watu wanne wa kumwuliza hivyo. Siku nyingine hapati.

Hajawahi kuniuliza tena. Mimi sijasema. Kila mmoja anampisha mwenzake mlangoni.

Juzi nilikuwa natafuta rula, nikakuta lile daftari la mistari myekundu chini ya vitambaa. Nikalifungua. Michezo yote ishirini na minne alikuwa ameipitia upya, sijui lini. Kuzunguka kila ubao alikuwa ameandika herufi chini na juu, namba kando zote mbili, kwa mwandiko wake wa ghalani uliosimama wima, mistari ameipiga kwa rula, ili mtu yeyote atakayewahi kuipanga asikosee. Ishirini na nne, mara nne pande zote. Kazi ya wiki nyingi. Hakuna atakayeipanga.

Ya mwisho ilikuwa na ile fomu ya mizigo imebandikwa kwa gundi, mikunjo imetiwa karatasi kwa nyuma. Chini yake alikuwa amechora mshale mdogo, akaandika kwa penseli: *Nyeusi chini. Kosa la mchoraji.*

Nilikaa sakafuni nalo mapajani. Kosa la mchoraji. Nikawaza kulifuta lile neno moja tu la mwisho, niandike la kwangu pale pale, kwa mwandiko wangu, siku moja akifungua aone.

"Unatafuta nini, mwanangu?" baba aliuliza kutoka chumba cha pili. Alikuwa amesikia karatasi.

"Kifutio."



"Kopo la vifungo vyeusi," alisema. "Chini kabisa."

Nilienda nikaingiza mkono. Kilikuwepo. Nikakiacha humo, nikafunika.